Kiti cha Shibiri Tatu

Kinanie,
11 Agosti 2024

Kwa Mjomba Maundu,

Nisamehe kwanza, mengine yafuate. Tangu Krismasi sijakuandikia na leo ni Agosti. Nilikuwa naanza karatasi, mtoto analia, nainuka, nikirudi karatasi imelowa uji. Hiyo ni sababu moja. Ile nyingine unaijua, tuliiacha hapo kwako Katangi, na leo sitaki kuifungua.

Naandika kwa sababu masikio yako hayataki simu, na meseji unasema herufi zake ni kama siafu. Barua hii inaletwa na Abdinur, jirani yangu, ambaye hununua mbuzi huko kwenu siku za soko na kuwaleta Athi River. Ni mtu mwaminifu. Mpe chai, na ukitaka kujibu mpe yeye jibu.

Huku tuko wazima. Asubuhi nafulia watu nguo, mchana nakata sukuma wiki kwa mama mmoja wa kibanda. Mgongo wangu una miaka ishirini na minne lakini ukiusikiliza ukiinuka utasema ni wa susu, bibi yetu marehemu. Shangazi Nduku mwambie asante kwa pojo alizonifungia ile siku. Nilizipika zote, hata nikiwa na hasira.

Sasa neno lenyewe. Katunge atafikisha miaka minne Novemba. Krismasi alikuwa mgongoni mwangu siku nzima na hukuomba nimshushe, kwa hivyo wacha nikuambie yukoje. Shingo yake sasa inasimama mpaka nihesabu ishirini na tano. Mwaka jana ilikuwa sita. Akitaka kitu anasema "ii", asipotaka anafumba macho kabisa, hata ungembembeleza na asali. Anajua sauti ya pikipiki ya Abdinur kutoka mbali na anaanza kucheka kabla sisi hatujaisikia. Daktari alituambia ubongo uliumia siku ya kuzaliwa, viungo ndivyo havipati amri vizuri. Akili yake iko. Mimi sihitaji kuambiwa, mimi ndiye nashindwa naye kila asubuhi kwa ukaidi.

Kuna shule hapa karibu iliyo na darasa la watoto kama yeye. Mwalimu anaitwa Kasiva. Aliniambia wazi: "Mama Katunge, niko na watoto kumi na mmoja na mikono miwili. Ukimleta na kiti kinachomshika, Januari nampokea. Bila kiti siwezi." Kiti cha aina hiyo huuzwa, na mimi siwezi kununua. Lakini dada wa mazoezi kule zahanati amenionyesha kimoja cha mbao na nimekichora nyuma ya karatasi hii. Mgongo unafika kichwani. Pande mbili zinabana kiuno. Kuna kigogo kati ya magoti ili miguu isipishane. Chini pa kukanyaga, mbele kimeza.

Mjomba, wewe unachonga. Watu wanakuja na magari kununua twiga wako. Mimi usinichongee twiga. Nichongee kiti.

Ni mimi,
Mutanu


Katangi,
1 Septemba 2024

Mutanu, wakya.

Barua nimepata. Abdinur amekunywa chai vikombe viwili na kunishinda bei ya beberu.

Hapa hatujambo. Nduku goti linamsumbua lakini mdomo uko sawa. Mvua hatujaona, tunanunua maji yanayoletwa na punda. Twiga hawatoki siku hizi kama zamani, kwa hivyo mikono iko na nafasi.

Mchoro nimeuona. Unachora kama marehemu mama yako, kila kitu kimeinama kushoto. Lakini nimeelewa.

Nipe vipimo. Usipime kwa futi, futi yangu namba zilifutika, na mimi tangu nifundishwe kuchonga kule Wamunyu napima kwa mkono. Pima kwa shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, na kinachobaki pima kwa vidole. Pima mtoto, usipime hewa. Kitako mpaka kichwani. Kitako mpaka nyuma ya goti. Goti mpaka kisigino. Upana wa kiuno. Mtoto alale sawa ukimpima. Kama mtoto analia ngoja anyamaze.

Titus yuko wapi? Kiti cha mtoto huandikiwa na baba.

Maundu


Kinanie,
15 Septemba 2024

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Tumefurahi goti la Shangazi halijapanda mdomoni. Mwambie ajaribu kulikanda na maji ya moto na chumvi, mimi hufanyia mgongo wangu hivyo.

Nimempima juu ya mkeka. Alidhani ni mchezo, kila nikiweka kiganja anacheka, mwili unakauka kama ubao, inabidi tuanze tena. Nilimpima mara tatu nikapata sawa zote.

Kitako mpaka kichwani, shibiri tatu kamili. Kitako mpaka nyuma ya goti, shibiri moja na vidole vitatu. Goti mpaka kisigino, shibiri moja na vidole viwili. Upana wa kiuno, shibiri moja na kidole kimoja.

Umeandika "mtoto" mara nne. Ana jina.

Huku mazoezi tunafanya asubuhi na jioni. Majirani wananiambia namtesa. Juzi mmoja alimletea mandazi akataka kumtumbukizia mdomoni akiwa amelala, nikamzuia. "Wacha huruma, mama. Mkalishe, mwonyeshe, angoje mpaka aufungue mdomo mwenyewe." Akaniambia nina roho ngumu. Basi iwe ngumu. Katunge alichukua muda mrefu kama wa kuchemsha chai, lakini alifungua, na hakupaliwa.

Mutanu


Katangi,
20 Oktoba 2024

Mutanu, wakya.

Kiti hicho. Abdinur amekifunga juu ya pikapu ya kukodi pamoja na mbuzi, akikuletea na kinyesi usinilaumu.

Mti ni mukau. Mchwa hauli, maji hayaukunji. Sikutia msumari hata mmoja mahali ngozi inagusa, ni vijiti vya mti tu. Nimepiga msasa mpaka Nduku akasema mbona kitanda chetu sikukipiga hivyo.

Tulishangaa ukubwa. Nduku aliniuliza, "Huyu ana miaka minne au tisa? Huko Kinanie wanalishwa nini?" Nikamwambia Mutanu amepima mwenyewe mara tatu, na Mutanu akisema tatu ni tatu.

Titus nilikuuliza hukujibu.

Maundu


Kinanie,
27 Oktoba 2024

Kwa Mjomba wangu,

Habari za huko na habari za mvua. Huku imeanza kunyesha jioni, bati linapiga kelele na Katunge anajibizana nalo.

Kiti kimefika. Mjomba, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikiingia kwa nyumba yangu. Nilikipitishia mkono kote, hakuna mahali uzi wa nguo ungeshika. Nikasema leo ndio leo. Nikamwita Murayo, mke wa Abdinur, aje aone. Nikamkalisha Katunge.

Alipotea! Alizama ndani kama kikombe kwenye karai. Kimeza kikamfika puani. Miguu ikaning'inia. Akatuangalia kutoka chini huko, akafumba macho kabisa, yaani sitaki.

Murayo akasema, "Mutanu, hiki ni kiti cha mtoto wako au cha chifu?"

Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Kisha nikaangalia mkono wangu, nikakumbuka mkono wako. Nikaweka shibiri yangu kwenye mgongo wa kiti, ikaingia mara nne. Mjomba, shibiri ni ya nani? Wewe ulipima kwa yako na mimi kwa yangu. Mkono wako ni wa kushika tezo miaka arobaini na mimi mkono wangu hata glavu ya kufulia inanivuka.

Lakini sikiliza lililofuata. Murayo alikiangalia kile kiti kutoka juu mpaka chini, akatoka. Akarudi amembeba Farhia, binti yao wa miaka tisa. Mimi nilijua yuko na mtoto anayelala ndani, nilimwona mara moja tu kwenye mkeka, sikuuliza kwa sababu na mimi sipendi kuulizwa. Tukamkalisha. Mjomba, kilimshika kama ulimpima yeye. Kichwa kikasimama. Macho yake yakaangalia mlango, barabara, kuku, na akawa hataki kurudi ndani. Murayo akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii alikuwa anaona dari." Abdinur aliporudi kutoka kwa mbuzi akasimama mlangoni, hakuingia mpaka amepangusa uso na kilemba.

Kwa hivyo kiti hakirudi. Ni cha Farhia. Mimi nimekitoa, na kama nimekosa nilaumu mimi.

Nahitaji kingine. Nimeweka mkono wangu juu ya karatasi hii nikauzungushia kalamu, uone shibiri ni kiasi gani. Ule mdogo kando ni mguu wa Katunge. Alirusha kalamu mara mbili ndio maana kidole gumba kina mkia.

Titus. Umeniuliza mara mbili. Titus aliondoka Mei kwenda kazi ya ujenzi Kitui. Nguo zake za Jumapili ziko hapa zimekunjwa. Simu yake inaita, halafu inakatwa. Hilo ndilo jibu, usiniulize tena.

Na kwa kuwa leo nimefungua mdomo nitasema na lile la Krismasi. Wazee walikaa kwako wakasema jina la Katunge litolewe, mtoto apewe jingine, eti mwenye jina amelikataa ndio maana mtoto hashiki shingo. Mimi niliinuka nikaenda bila kuaga. Susu Katunge ndiye alinilea mama yangu alipokufa. Nilimpa mtoto wangu jina lake kwa sababu sikuwa na kitu kingine kizuri cha kumpa. Kwa desturi yetu wewe ungepaswa kumwita mama, mwaitu, kwa sababu ana jina la mama yako. Hujamwita hata mara moja. Kiti nitapokea na mikono miwili. Lakini jina halitoki.

Mutanu


Kinanie,
17 Novemba 2024

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Shangazi. Hatujambo. Katunge amefikisha miaka minne juzi, nilimpikia chapati laini akala nusu na kumpa paka nusu kwa hiari yake.

Abdinur ameenda soko mara mbili na kurudi mkono mtupu. Anasema alikukuta unakunywa chai, ukamwambia "bado". Kama umekasirika andika kwamba umekasirika, mimi nitasoma. Lakini Januari haitungoji sisi tumalize kununiana. Jana nilipita shuleni, Mwalimu Kasiva amemwekea Katunge nafasi kando ya dirisha. Nimepima hiyo nafasi kwa macho. Iko tupu.

Mutanu


Katangi,
8 Desemba 2024

Mutanu,

Wakya. Nduku anakusalimu, goti limepata nafuu kwa chumvi yako. Mvua imenyesha vizuri, tumepanda.

Sikukasirika. Nilikuwa naandika na kuchana. Mimi si mtu wa kuandika.

Ulipotuma ule mkono nilikata mti siku hiyo hiyo. Kisha nikakaa na ule mguu mdogo wenye mkia wa kalamu, nikashindwa kuendelea wiki nzima.

Kuna mtu hukuambiwa. Mama yako alijua, na sisi wote tulijua, tukanyamaza. Tulikuwa na dada mdogo. Aliitwa Syombua. Hakushika shingo wala kukaa. Mama alimbeba mgongoni. Alikwenda naye shambani, kisimani, kanisani. Alimbeba mpaka Syombua akawa na miaka kumi na mmoja, miguu inaburuta njiani nyuma ya mama. Mgongo wa mama uliopinda ulioujua wewe haukupindwa na uzee.

Syombua alikufa wakati wa kiangazi, kwa kifua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimekwisha jua kuchonga. Nilikuwa nachonga stuli za kuuza Wamunyu, kila wiki stuli nne. Hakuna hata siku moja niliwaza kuchonga kiti cha dada yangu. Hakuna aliyeniomba na mimi sikuwaza. Wageni wa ng'ambo wamekalia mbao zangu, na Syombua alikaa mgongoni mwa mama.

Ulisema wazee walisema jina litolewe. Wazee walifuata. Aliyeanza kusema ni mimi. Mama hakukataa mtu maisha yake yote, na huyu mtoto wako hakumkataa. Ni mimi. Niliogopa kuita jina la mama halafu aitike Syombua.

Basi nimekwambia.

Kiti kinakuja na Abdinur wiki ijayo. Nimepima kwa mkono wako, nimeubandika ukutani kwa karakana. Mafundi wawili wameniuliza ni mkono wa nani mdogo hivyo nikawaambia ni wa fundi mkuu.

Cha Farhia usikirudishe. Mwambie Murayo kama kuna mahali kinamchuna niambiwe.

Angalia nyuma ya kiti kabla ya kumkalisha.

Maundu


Kinanie,
19 Januari 2025

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Nimechelewa tena kuandika, lakini safari hii ni kwa sababu nzuri, kila siku kulikuwa na jambo jipya nikasema ngoja nione la kesho kwanza. Tuko wazima sana. Nilikula Krismasi na akina Abdinur, yeye alichinja na Murayo akapika wali. Farhia alikaa kwenye kiti chake mezani na kutuamrisha sote kwa macho.

Kiti niliangalia nyuma kama ulivyosema. Umechonga KATUNGE, herufi kubwa, na zimeingia ndani ya mti kama nusu ya kidole. Nilipitisha kidole kwenye kila herufi. Nikamshika mkono mtoto nikampitisha na yeye. Jina hilo hata apatikane fundi mwenye msasa wa mwaka mzima hawezi kulitoa.

Kuhusu Syombua, nimesoma mara nyingi. Sina la kukulaumu. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na saba katika nyumba ambayo watu wazima hawakusema kitu. Lakini mimi nitasema. Katunge atajua alikuwa na bibi mdogo, na jina lake, na kwamba susu alikuwa na nguvu za kutembea na watu wawili kwa miguu miwili. Nilidhani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo huu kubeba hivi. Sasa nikichoka namfikiria susu njiani na sioni aibu kuketi kidogo.

Sasa shule. Siku ya kwanza nilimfunga mikanda, nikampangusa mate, nikasimama kando ya dirisha nikijua wataniita baada ya dakika kumi. Mwalimu Kasiva akaita majina. Alipofika kwake akaita, "Katunge!" Akaita tena. Nilitaka kujibu mimi, nikauma mdomo. Mtoto wangu akakusanya hewa, mabega yakapanda, akatoa "ii!" ambayo walisikia mpaka jikoni kwa mpishi. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka kuwashinda.

Wiki ya pili niliitwa. Nilikimbia na sabuni mkononi. Nikamkuta mwalimu amekunja uso.

"Mama Katunge, huyu mtoto ana utundu. Anamrushia mwenzake kalamu za rangi. Nikimwambia aache anafumba macho."

"Umemwadhibu?"

"Nimemnyima nafasi ya dirishani mpaka kesho. Nimemgombeza kama wengine."

Mjomba, amegombezwa! Kama wengine! Nilimkazia Katunge uso hapo hapo nikamwambia jambo hilo lisirudiwe, na nilimaanisha. Kisha nikaenda nyuma ya choo cha shule nikacheka mpaka machozi yakaingia kwenye sabuni. Mtu hawezi kurusha kalamu akiwa amelala, Mjomba. Ni lazima kwanza akae.

Bado nahitaji vitu hivi, na tafadhali vipime kwa mkono ulio ukutani, usitumie wako:

Kigogo cha pili cha kati ya magoti, chembamba kuliko hicho kwa kidole kimoja, maana miguu imeanza kulegea na hiki sasa kinamfinya.

Mikanda miwili ya ngozi laini ya mbuzi, upana vidole vitatu. Ngozi Abdinur atakupa, ameahidi hachukui kitu.

Kijiko cha mti chenye mpini mnene kama gunzi la hindi bichi, kikunjwe kidogo kuelekea ndani. Anatumia mkono wa kushoto, usisahau, wa kushoto.

Vishikio sita vya kalamu, vizito, vya darasa zima. Vikiwa vizito havirushiki mbali.

Kimeza kipya cha Farhia chenye ukingo wa kidole kimoja, chai yake inamwagika. Hicho kimoja pima kwa mkono wako, ndio unamtosha.

Picha ya Syombua kama iko. Kama haiko, niandikie uso wake ulivyokuwa, na alicheka kwa nini.

Na stuli moja ya mtu mzima, ya kwako mwenyewe, uje nayo mwezi wa pili shule ikiwa wazi ili umwone dirishani. Kwangu kuna kiti kimoja tu, Mjomba, na mwaitu wako hatakupisha.

Mutanu, Mama Katunge